Kijerumani kwa mkimbizi, cha nini?

Kijana mkimbizi akisema anataka kuanza digrii ya Kijerumani na masomo ya Skandinavia, watu hucheka. "Hiyo utakula?" Wengine wanamshauri ajifunze kushona. Sisi vijana wa Port Bell tunasema: ngoja kwanza, tuangalie historia.

Tazama ziwa letu. Ng'ambo kule, Bukoba na Mwanza zilikuwa chini ya Mjerumani mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Rwanda na Burundi pia, hadi 1916. Neno "shule" lenyewe ni la Kijerumani! Na "hela" je? Ilikuwa sarafu yao. Barua za watawala wale, ramani zao na ripoti zao ziko kwa Kijerumani. Asiyejua lugha hiyo anangoja asimuliwe habari za babu zake na mtu mwingine.

Kuna mzee mmoja tunapenda vijana wamjue: Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alifika Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za mashariki. Maandishi yake mengi yamo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903 kwa jina la Mjerumani Carl Velten. Darasani baadhi ya wanafunzi hawakutaka kuamriwa na Mwafrika, akaacha kazi. Mwaka 1905 akajaribu kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani. Serikali ya koloni ikamkatalia mke kushuka. Wakarudi Ujerumani wote wawili. Baadaye akafundisha Hamburg, na akafariki Berlin 1927. Kufungiwa mlango wa kwenu mwenyewe, hilo sisi hatuhitaji kufafanuliwa.

Na Skandinavia? Ndugu zetu wa Kongo, hiyo ni habari yenu. Maofisa na mabaharia wengi wa Mfalme Leopold walitoka Denmark, Uswidi na Norwei. Wamisionari Wapentekoste wa Uswidi nao walianza kazi mashariki ya Kongo 1921. Kanisa lililotokana nao ndilo lenye hospitali ya Panzi kule Bukavu, ya Daktari Denis Mukwege, aliyepokea Nobel ya amani Oslo mwaka 2018. Basi kuna barua na picha za vijiji vyetu ambazo maelezo yake ni kwa Kiswidi. Nani kati yetu atazisoma?

Njia ipo, hata kama ni nyembamba. Makerere wanafundisha Kijerumani. Ufadhili wa DAFI, ambao serikali ya Ujerumani iliuanzisha pamoja na UNHCR mwaka 1992, unasaidia wakimbizi kusoma chuo kikuu.

Kwa hiyo ninyi mnaotushauri kuhusu masomo, tunawaomba: ushonaji ni kazi ya heshima, lakini msitupe orodha ya ushonaji na saluni peke yake. Mtu aliyepoteza nyumba ana haki ya kusoma karatasi zinazoeleza ilivyopotea. Na wewe kijana unayechekwa, jaza fomu.