Baraza kwa Barua Pepe

Hapa Garsen, kando ya Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hukutana njia za Malindi, Lamu na Garissa. Wapokomo wana baraza lao la wazee, Gasa, ambapo mtu husema na wenzake wote wakasikia.

Mwaka 1986, huko Paris, mwanafunzi Éric Thomas alitunga LISTSERV, programu iliyofungua baraza la namna hiyo kwa barua pepe. Ulituma amri fupi ya kujiunga. Tangu hapo, barua moja ya mwanachama ilinakiliwa na kompyuta, ikamfikia kila mmoja. Hazikuhitajika picha wala tovuti. Herufi tupu zilitosha.

Usiku wa modemu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, simu ya ng'ambo ilikuwa ghali. Watumiaji wa mtandao wa FidoNet jijini Nairobi waliandika barua mchana, zikalala ndani ya kompyuta. Baadaye modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, ilipiga simu, ikalia kama filimbi, ikapeleka furushi zima na kupokea majibu kwa mkupuo mmoja.

Wakenya waliokuwa Marekani nao walijadili habari za nyumbani kwa makundi ya barua pepe. Watatu kati yao, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha kampuni ya intaneti ya Africa Online mwaka 1994.

Ewe msomaji, ujumbe wa kundi unapoingia kwenye simu yako leo, kumbuka kuwa baraza hilo lilianza kwa barua iliyosubiri zamu yake.