Magari ya Umeme na Mafundi wa Kisenyi

Katika mtaa wa Kisenyi, jijini Kampala, mabasi ya masafa marefu huondoka mchana na usiku, na karibu yake mafundi hutengeneza injini na kuunga vyuma. Riziki yao imefungamana na petroli na dizeli, ambazo Uganda, nchi isiyo na bahari, huzipokea kutoka ng'ambo kupitia nchi jirani, hasa Kenya.

Lakini umeme Uganda inao. Bwawa la Owen Falls, Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954. La Bujagali, lenye megawati 250, mwaka 2012. Na la Karuma, lenye megawati 600, mwaka 2024.

Kwa hiyo jitihada za Chuo Kikuu cha Makerere hazikuwa mchezo wa wasomi. Mwaka 2011 walimu na wanafunzi wake walionyesha Kiira EV, gari dogo la watu wawili. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, lenye viti 35 na paneli za nguvu za jua juu ya paa. Baadaye ujenzi wa kiwanda ukaanzishwa Jinja.

Hata hivyo, kuunda gari ni jambo moja, na kulieneza ni jambo jingine. Betri ni ghali, na vituo vya kuzichajia ni vichache. Zaidi ya hayo, fundi wa Kisenyi aliyejifunza kazi kwa kushika spana hajui bado siri za mota ya umeme. Ni wajibu wa vyuo vya ufundi kumfikia mapema, ili maendeleo ya taifa yasigeuke kuwa hasara yake.