Onyo na Uvumi: Serikali na Habari za Hatari Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Kitenzi "kuonya" ni mnyambuliko wa "kuona": anayeonya humfanya mwenziwe aone. Kwa hiyo onyo halitimii kwa kutamkwa tu. Sharti apatikane wa kuliona. "Uvumi", kwa upande wake, watokana na "kuvuma", nao, kama upepo, hauna mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika historia ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya habari moja imeitwa uvumi kabla ya maafa na onyo baada yake, na kwamba jina hilo si jambo dogo, kwani ndilo lililoamua nani atalindwa.

Tuanze na Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, na kabla ya jua kuchwa watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi. Shambulio hilo halikutokea pasipo dalili. Mwishoni mwa Machi, Uingereza na Australia zilikuwa zimewatahadharisha raia wao juu ya safari za Kenya, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaarifu wanafunzi wake kwamba huenda chuo kikuu kikashambuliwa. Siku moja kabla ya mauaji, Rais Uhuru Kenyatta alizipinga hadharani tahadhari za mataifa hayo, akishikilia kwamba Kenya ni nchi salama. Yafaa tukiri kwamba alikuwa na sababu: tahadhari za namna hiyo huwafukuza watalii, na Pwani ilikuwa imekwisha kuumia. Hata hivyo, habari iliyohusu uhai ilijibiwa kama habari ya biashara. Nairobi ilikuwa ikibishana na London, na mabweni ya Garissa yakabaki na walinzi wachache.

Lakini tahadhari za wageni ni nusu tu ya jambo. Habari zilizo bora hutoka kwa wakazi, wanaomjua mgeni kwa nyayo zake. Je, kwa nini habari hizo hazikufika, au zilifika zikiwa zimechelewa? Jibu halina budi kutafutwa mbali kidogo. Mnamo Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, jimbo hili liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Neno "shifta", lililotujia kutoka Ethiopia likiwa na maana ya mwasi au jambazi, likawa jina la kila Msomali aliyetiliwa shaka. Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto na vikosi vya usalama baada ya maofisa wa serikali kuuawa. Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona kwamba waliokufa huenda walikaribia 1000. Mtu aliyelelewa katika historia hiyo alikuwa na sababu ya kunyamaza. Akisema, aweza kuulizwa amejuaje. Asiposema, huitwa mshiriki.

Mpango wa Nyumba Kumi, uliotangazwa 2013 baada ya shambulio la Westgate, ulikusudiwa kuwaleta wakazi karibu na dola. Barabara ya Mandera inatupa kipimo chake. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 wasiokuwa Waislamu walitengwa na wenzao katika basi lililotoka Mandera, wakauawa. Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Desemba 2019, karibu na Kutulo, basi jingine lilisimamishwa, watu wakatengwa kwa namna ile ile, na wengi wa waliouawa walikuwa askari polisi waliosafiri kama abiria. Onyo la Kutulo halikuhitaji jasusi. Lilikuwa limeandikwa miaka mitano kabla, juu ya barabara ile ile. Na tukio la El Wak lilikuwa limethibitisha kwamba wapo wenyeji walio tayari kulinda uhai wa jirani hata kwa uhai wao wenyewe.

Si haki kuiona kasoro hii kuwa ya Kenya peke yake. Kabla ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiandikia Washington kwamba jengo lile, lililokaa ukingoni mwa barabara zenye msongamano, lilikuwa hatarini, akaomba jengo jipya. Ombi lilikataliwa, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao Wakenya.

Huenda ikasemwa kwamba serikali hupokea habari nyingi za uongo, na kwamba nchi inayofunga milango kwa kila tetesi imekwisha kushindwa. Hoja hii ni ya kweli. Ila kuipima habari si sawa na kuibatiza. Anayeipima huuliza: imetoka kwa nani, yahusu wapi, na mahali hapo pana ulinzi gani? Anayeiita uvumi humaliza maswali kabla hayajaanza.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii haiamuru kuamini kila neno, bali yakataza kudharau neno kwa sababu tu ya kinywa kilicholitoa. Kwa mwenyeji wa Garissa, Wajir au Kutulo, usalama huanzia pale ambapo kusema kwake hakumgeuzi kuwa mtuhumiwa. Hapo ndipo kuonya kutakaporejea kwenye mzizi wake: kumfanya mwenzio aone, kungali na wakati.