Everton: Kutoka Goodison Park Hadi Bandarini

Agosti 24, 1892 watu walifurika kwenye uwanja mpya wa Everton, kaskazini mwa jiji la Liverpool, na mpira haukupigwa kabisa. Lord Kinnaird, rais wa Chama cha Soka cha Uingereza, aliufungua rasmi, vijana wakashindana mbio, bendi ikatumbuiza, fataki zikarushwa, kisha watu wakarudi makwao. Uwanja huo ni Goodison Park. Tarehe hiyohiyo, miaka 133 baadaye, Everton ilicheza mechi yake ya kwanza ya ligi katika Uwanja wa Hill Dickinson, kando ya Mto Mersey, ikaifunga Brighton mabao 2-0. Bao la kwanza lilitiwa kimiani na Msenegali Iliman Ndiaye.

Everton imehama zaidi ya mara mbili katika maisha yake, lakini kuhama kuzito ni huku kuwili. Kule kwa kwanza walitoka kwa ugomvi, na ugomvi ule ukazaa klabu ya Liverpool. Huku kwa pili wametoka kwa heshima, na nyumba waliyoiacha wamewakabidhi wanawake. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo jambo kubwa zaidi katika historia yote hii, ingawa magazeti mengi yaliliandika pembeni.

Klabu ilizaliwa kanisani. Mwaka 1878 waumini wa kanisa la Kimethodisti la St Domingo waliunda timu ili vijana wao waliozoea kriketi wakati wa kiangazi wapate mchezo wa msimu wa baridi. Watu wasio wa kanisa hilo walipoanza kuomba kujiunga, jina likabadilishwa Novemba 1879 ikawa Everton, kwa jina la mtaa. Walicheza kwanza katika bustani ya umma ya Stanley Park, wakapata kiwanja Priory Road, na mwaka 1884 wakatua mahali ambapo dunia nzima leo inapajua kwa timu nyingine: Anfield. Wakiwa hapo, mwaka 1888, walikuwa miongoni mwa klabu 12 zilizoanzisha Ligi ya Uingereza, na hapohapo Anfield wakatwaa ubingwa wao wa kwanza mwaka 1891.

Mwenye kiwanja alikuwa John Houlding, tajiri wa kiwanda cha bia na mwanasiasa wa jiji, ambaye pia alikuwa kiongozi wa klabu. Timu ilipopanda chati na kodi ya pango ikapanda, kutoka pauni 100 kwa mwaka hadi zaidi ya mara mbili yake. Wachezaji walibadilishia nguo katika hoteli yake ya Sandon, na kinywaji kilichouzwa uwanjani kilikuwa chake. Kwa klabu iliyotoka mikononi mwa Wamethodisti, watu waliochukia ulevi, hilo lilikuwa shubiri. Aliyesimama mbele ya wapinzani ni George Mahon, mhasibu aliyekuwa pia mpiga kinanda wa kanisa la St Domingo. Katika mkutano wa Januari 1892 aliwaambia wanachama kwamba kiwanja kingine tayari anacho, ng'ambo ya Stanley Park. Wengi wakamfuata.

Houlding akabaki na uwanja usio na timu. Alijaribu kung'ang'ania hata jina la Everton, Chama cha Soka kikamkatalia, na Machi 1892 akaunda klabu mpya akaiita Liverpool. Kwa hiyo dabi ya Merseyside, ambayo mashabiki wa Dar es Salaam na Nairobi huikesha kama ni yao, chanzo chake ni mgogoro wa mpangaji na mwenye nyumba.

Kiwanja alichokipata Mahon kiliitwa Mere Green, na kilihitaji kufyekwa na kusawazishwa kwanza. Fedha hazikuwepo. Daktari wa mtaani, James Baxter, aliikopesha klabu pauni 1,000 bila riba, na majukwaa matatu yakasimama kabla ya msimu kuanza. Septemba 2, 1892 mpira ukapigwa kwa mara ya kwanza, Everton 4, Bolton 2. Mwaka 1895 klabu ikanunua ardhi yenyewe. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewagongea mlango kudai kodi. Viongozi wa klabu zetu wanaohesabu mamilioni ya mashabiki huku wakisubiri ratiba ya uwanja wa serikali wangefanya vizuri kuisoma hesabu hiyo ya Baxter na Mahon.

Goodison uliosifiwa baadaye ni kazi ya Archibald Leitch, mhandisi kutoka Glasgow aliyejenga viwanja vingi vya Uingereza. Mtu akiwa ndani aliitambua saini yake mara moja: kwenye ukingo wa ghorofa ya juu kulikuwa na vyuma vilivyopishana kama herufi X, kimoja baada ya kingine, kuanzia pembe moja ya jukwaa hadi nyingine. Jukwaa kuu la Goodison Road lilijengwa mwaka 1909, la Bullens Road mwaka 1926, na lile la Gwladys Street lilipokamilika mwaka 1938, Goodison ukawa uwanja wa kwanza nchini humo wenye majukwaa ya ghorofa mbili pande zote nne. Katika pembe moja, kati ya jukwaa kuu na Gwladys Street, lilisimama kanisa la St Luke, karibu kabisa na majukwaa. Siku za mechi ukumbi wa kanisa uliuza chai, na mashabiki wakapanda juu kutazama kumbukumbu za klabu. Nyumba za wafanyakazi zilibanana na kuta za uwanja kiasi kwamba mtoto aliyelala chumbani alijua Everton imefunga kabla redio haijasema.

Mambo yaliyotokea pale ni mengi. Mei 5, 1928 Dixie Dean alifunga mabao matatu dhidi ya Arsenal, akafikisha mabao 60 ya ligi katika msimu mmoja, rekodi ambayo haijavunjwa Uingereza hadi leo. Mtu huyohuyo alifariki ndani ya Goodison Machi 1, 1980, akiitazama dabi. Septemba 1948 watu 78,299 waliingia kuitazama Everton na Liverpool, idadi ambayo uwanja huo haukuiona tena. Oktoba 2002 kijana wa miaka 16, Wayne Rooney, alipiga shuti la mbali dakika za mwisho likaivunjia Arsenal mfululizo wa mechi 30 bila kufungwa.

Kwa Mwafrika, hata hivyo, siku ya Goodison ni Julai 23, 1966. Ilikuwa robo fainali ya Kombe la Dunia, Ureno na Korea Kaskazini, na kabla ya nusu saa Wakorea walikuwa mbele 3-0. Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques, mji tunaouita leo Maputo, aliokota mpira wavuni baada ya kufunga akaukimbiza katikati mwenyewe, kwa kuwa muda ulikuwa unayoyoma. Alifunga manne. Ureno ikashinda 5-3. Msumbiji haikuwa na bendera yake wakati ule, na mtoto wake alivaa jezi ya mkoloni, lakini aliyeibeba timu siku ile alikuwa yeye.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ukurasa wetu pia. Julai 13, 2017 Everton ilikuja Dar es Salaam ikacheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Rooney, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi klabuni, alifunga kwa shuti la mbali, Mnyarwanda Jacques Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, na Everton ikaondoka na ushindi wa 2-1. Novemba 2018 Gor Mahia nao wakaenda Goodison. Walifungwa 4-0, lakini walikanyaga nyasi zilezile za Dean na Eusébio. Mwaka uliofuata Everton ilitua Kasarani, Nairobi, na Kariobangi Sharks wakaishinda kwa penalti.

Kwa nini basi waondoke mahali pa namna hiyo? Kwa sababu sifa haikuziondoa nguzo. Aliyekaa nyuma alitazama nusu ya goli, nusu nyingine ikiwa imefichwa na chuma. Viti vingi vilikuwa vya mbao. Baada ya maafa ya kubanana kwa mashabiki katika uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, viwanja vya ngazi ya juu vililazimika kuwa vya kukaa tu, na nafasi za Goodison zikashuka hadi 40,000 hivi. Kupanua hakukuwezekana bila kubomoa nyumba za watu. Wakati huohuo Ligi Kuu ilikuwa imegeuka biashara ya vyumba maalumu na chakula cha matajiri, na Goodison haukuwa na mahali pa kuviweka. Everton iliyotwaa ubingwa mara tisa, wa mwisho mwaka 1987, ikawa inawatazama majirani zake wakikua. Kombe lake la mwisho kubwa ni Kombe la FA la 1995.

Safari ya kutafuta kwa kwenda ilikuwa ndefu na yenye kuvunja moyo. Mpango wa King's Dock, katikati ya jiji, ulikufa mwaka 2003 kwa kukosa fedha. Mpango wa Kirkby ulikataliwa na serikali mwaka 2009, na mashabiki wengi hawakusikitika, kwa kuwa Kirkby ni nje ya mipaka ya jiji. Walton Hall Park nao uliachwa. Hatimaye yakapatikana makubaliano juu ya Bramley-Moore, gati la mwaka 1848 lililojengwa na mhandisi Jesse Hartley, bwawa lenye kuta nene za mawe ambamo meli ziliingia na kutoka. Ujenzi ulianza 2021. Mchanga uliochotwa baharini ukamwagwa hadi bwawa likajaa, lakini kuta za Hartley zikaachwa chini kama zilivyo, na jengo la mitambo ya maji la karne ya 19 likahifadhiwa kando.

Gharama zake si za fedha tu, japo fedha zilizidi pauni milioni 700. Julai 2021 UNESCO iliufuta mji wa Liverpool kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na uwanja huu ulitajwa kati ya sababu. Agosti 2023 fundi mmoja kijana, ambaye mwenyewe alikuwa shabiki wa Everton, alikufa kwa ajali kazini, na historia yoyote ya uwanja huu isiyomtaja imepungukiwa. Klabu nayo ilinyang'anywa pointi nane kwa jumla msimu wa 2023/24 kwa kukiuka kanuni za matumizi, ikanusurika kushuka daraja, kisha Desemba 2024 ikauzwa kwa kampuni ya Friedkin ya Marekani.

Uwanja wenyewe unachukua zaidi ya watu 52,000, na jukwaa lake la kusini peke yake lina nafasi za watu wapatao 13,000, limeinuka kama ukuta mmoja. Kwenye matofali ya nje mafundi wamechora X za Leitch zikifuatana. Ni alama ya heshima, na inapendeza, ingawa matofali hayawezi kuleta sauti ya mbao zinazogongwa na miguu ya watu elfu arobaini.

Mei 18, 2025 timu ya wanaume ilicheza mara ya mwisho Goodison. Southampton walifungwa 2-0, yote ya Ndiaye. Wazee walilia waziwazi, na wana sababu: chini ya kingo za uwanja huo yamezikwa majivu ya mashabiki wapatao 800, mpaka klabu ikalazimika mwaka 2004 kukataa maombi mapya kwa kuwa nafasi ilikwisha. Mpango wa awali ulikuwa kubomoa kila kitu na kujenga nyumba na huduma za jamii. Siku chache kabla ya mechi hiyo, wamiliki wapya walitangaza kwamba Goodison hautabomolewa. Ukawa uwanja wa timu ya wanawake ya Everton.

Lililonifurahisha zaidi ni hili. Desemba 26, 1920 timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies, wengi wao wasichana wa kiwandani kutoka Preston, ilicheza na St Helens hapohapo Goodison. Waliolipa kiingilio walikuwa 53,000, na maelfu wengine walibaki nje milango ilipofungwa. Mapato yalikwenda kuwasaidia askari waliorudi vitani. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 5, 1921, Chama cha Soka kilizipiga marufuku klabu zake kuwapa wanawake viwanja, kikisema mchezo huu hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu nusu karne. Wanawake waliojaza Goodison wakati ule walitolewa nje na wakuu wa mchezo, wala mpira haukuwa umewashinda.

Sasa uwanja ni wao, mkubwa kuliko wote Uingereza uliotengwa kwa ajili ya timu ya wanawake. Kazi iliyobaki ni ya mashabiki. Waliolia Mei 2025 wanajua njia ya kwenda Gwladys Street, na tiketi zinauzwa. Waende.