Nyundo, Chungu na Deni la Foddy

Mwaka 2002 mtengenezaji wa michezo ya kompyuta kutoka Ucheki, ajulikanaye kama Jazzuo, alitoa Sexy Hiking: mtu anapanda mlima kwa nyundo tu. Wengi waliuona mchezo mbovu. Bennett Foddy, Mwaustralia aliyewahi kuwa mtafiti wa falsafa Oxford, aliupenda kwa ugumu wake. Yeye mwenyewe alitoa QWOP mwaka 2008, mbio za mita 100 ambamo unaendesha mapaja na vigimbi vya mkimbiaji kwa herufi nne za kibodi. (Wengi wetu hatujavuka mita tano.)

Mwaka 2017 akatoa Getting Over It. Mtu aitwaye Diogenes amekaa ndani ya chungu cha chuma. Kipanya husogeza nyundo, uzito na msuguano huamua yaliyobaki. Michezo mingi humrudisha aliyekosea karibu na alipoangukia. Huu hapana. Nyundo ikiteleza vibaya, unaporomoka hadi kwenye mti wa mwanzo, saa tatu za jasho zimepotea, na sauti ya Foddy inakupa pole isiyopoza.

Tunachomsifia zaidi ni kwamba deni hakulificha: anamtaja Jazzuo ndani ya mchezo, na huko ndiko tulikolisikia jina hilo mara ya kwanza.