BUSTANI ZA MIJI YETU: HABARI ZA KALE NA FUNZO LAKE



Kila mwaka taarifa ya chama hueleza fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliotazamwa, na maiti waliozikwa kwa heshima. Mwaka huu tumeonelea ni vema kuongeza kurasa chache za tarikhi, kwa sababu katika mikutano yetu ya Malindi na ya Kilifi limezuka shauri moja, nalo ni kwamba wanachama wa miji hii miwili, pamoja na ndugu zetu wa Mambrui, Watamu na Takaungu, washirikiane kulima bustani za mboga ndani ya miji. Wako waliolipokea shauri hili kwa furaha, na wako waliouliza: "Tangu lini mtu wa mjini akawa mkulima?" Swali hili ni la haki, nasi twataka kulijibu kwa habari za kale za pwani yetu, tukieleza mema yake na mabaya yake bila kuficha.

Malindi ya zamani haikuwa mji wa mawe matupu. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwezi wa Aprili 1498, mtu mmoja wa msafara wake aliandika kwamba upande wa bara palikuwa na minazi, na pande zote za mji palilimwa nafaka na mboga. Mwezi wa Januari 1499, Wareno hao walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wao walikuwa hoi kwa ugonjwa unaomshika mtu aliyekaa siku nyingi baharini bila ya matunda wala mboga. Waliomba machungwa, nao wakaletewa siku ya pili yake, pamoja na matunda mengine. Wengi walikufa papa hapa hata hivyo, kwa kuwa ugonjwa ulikwisha kuwazidi. Lakini habari hii yatuonyesha kwamba mji wa Malindi ulikuwa na bustani zake karibu, na kwamba mgeni aliyefika na njaa hakungoja safari ya bara ndipo apate tunda.

Tukienda Gedi, kusini ya Malindi, twaona jambo jingine. Magofu yale, ambayo James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, na ambayo mwaka 2024 yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, yana msikiti mkubwa, jumba la kifalme, nyumba za mawe, na visima vingi. Mji ule ulikuwa mbali kidogo na bahari, na uhai wake ulikuwa katika visima. Watu walihama Gedi katika karne ya 17. Wataalamu wametaja sababu mbalimbali, kama vita na mashambulio kutoka kaskazini, na mojawapo ya sababu hizo ni maji ya visima kuteremka chini. Funzo lake ni wazi: mji waweza kuwa na kuta na milango ya mawe, lakini maji yakikimbia, na watu hukimbia.

Mwaka 1593 Sheikh wa Malindi alihamia Mombasa pamoja na Wareno, na tangu hapo Malindi ikapungua hata ikawa karibu ya mahame. Mji ulifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, katika utawala wa Seyyid Majid wa Unguja. Mashamba ya mtama na ufuta yakaenea kutoka Malindi hadi Mambrui, na majahazi yakapakia nafaka kwenda Uarabuni. Takaungu nayo, ambako Mazrui walihamia baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837, ikawa mji wa kilimo na biashara. Wagiriama na jamaa zao wa bara walileta nafaka yao katika miji hii, nao wakarudi na nguo na bidhaa nyingine.

Hapa, ndugu zetu, haifai tupite haraka. Mashamba yale makubwa yalilimwa na watumwa. Wengi wao walitoroka wakajenga vijiji vyao wenyewe msituni, kama Fuladoyo, wakalima kwa uhuru. Utumwa haukufutwa kwa sheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Basi tunaposema kwamba babu zetu walilima, tukumbuke kwamba wengine walilima kwa radhi yao na wengine kwa kiboko, na wajukuu wa wote wawili wamo katika daftari la chama hiki. Bustani tunayoitaka sasa ni ile ambayo kila mwenye jembe ana fungu lake katika mavuno.

Tukumbuke pia njaa. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1880, na katika ile ya mwisho wa karne ya 19 iliyoitwa Magunia kwa ajili ya magunia ya mchele ulioletwa kutoka ng'ambo, wako wazazi wa bara waliowaweka watoto wao rahani mijini ili wapate chakula. Wengine walikombolewa, wengine hawakurudi kwao tena. Miji ilikuwa na ghala na bara haikuwa na kitu, na badala ya msaada likaja deni, na dhamana ya deni ikawa mtoto. Hatuandiki haya ili kufufua uchungu. Twayaandika kwa sababu yaonyesha hatari ya kila mji kujishibisha peke yake.

Sasa twafikia jambo gumu kuliko yote, yaani ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani waje kudai mashamba yao ili waandikiwe hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wengi waliokuwa wakilima kwa mila ya ukoo hawakupata karatasi. Mwaka 1914 Wagiriama wakafukuzwa kaskazini ya Mto Sabaki, katika ardhi yao yenye rutuba, na Kaya Fungo ikabomolewa kwa baruti. Jina la Mekatilili wa Menza, aliyewaita watu wakatae kutoa vijana wao kwa kazi ya kulazimishwa, lingali likitajwa kwa heshima. Baadaye waliruhusiwa kurudi ng'ambo ya mto, lakini swali la nani mwenye ardhi na nani mpangaji limebaki mlangoni mwetu mpaka leo.

Mila ya pwani hutenga mti na ardhi. Mtu aweza kuwa na mnazi au mwembe katika kiwanja kisicho chake, na mti huo ukarithiwa na wanawe. Kwa sababu hiyo wenye ardhi wengi waliwaruhusu wapangaji kupanda mahindi, kunde na muhogo, lakini wakawakataza kupanda miti ya kudumu, kwa kuogopa kwamba aliyepanda mnazi amepanda na dai. Wazee wetu walifahamu vizuri jambo hili, nasi vijana tusilisahau. Bustani nyingi za miji hazifi kwa kukosa mvua, bali hufa siku mwenye kiwanja anapokuja na fundi wa kupima.

Je, miji yaweza kushirikiana? Kwa hakika imekwisha kushirikiana, hata kama wakazi wake hawakujua. Maji tunywayo Malindi, Kilifi na hata Mombasa hutoka Baricho, katika visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki. Mto huo huo, ambao juu huitwa Galana na juu zaidi Athi, hupokea maji ya mito ya Nairobi. Mvua kubwa zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Udongo ule ni mashamba ya wenzetu yaliyochukuliwa na maji. Basi mtu wa Nairobi anayetupa taka mtoni, na mkulima wa juu asiyetia matuta, wote wawili ni jirani zetu, wapende wasipende.

Wengine duniani wameliona jambo hili. Tarehe 15 Oktoba 2015 miji zaidi ya 100 ilitia sahihi mapatano katika mji wa Milan, Italia, kwamba itasaidiana katika mambo ya chakula cha watu wa mijini, na Nairobi ilikuwa mojawapo. Mwaka huo huo Nairobi ilipata sheria yake ya kukubali na kusimamia kilimo cha mjini, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikipigwa vita na sheria ndogo za baraza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, yaziachia kaunti kazi ya kilimo, na yaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati za pamoja. Mlango uko wazi, bali hautajipitisha wenyewe.

Kutokana na habari hizi twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano mkuu. La kwanza ni mbegu. Mchicha, mnavu, mtsunga, kunde na mrenda ni mboga ambazo mama zetu wazijua kuliko kitabu chochote. Kila tawi litunze mbegu zake, na mara moja kwa mwaka matawi yabadilishane, ili tawi lililokosa mvua lisikose na mbegu. La pili ni maji. Bustani isianzishwe mahali pasipo kisima, tangi la mvua, au mfereji uliokubaliwa na wenye maji. La tatu ni mapatano. Asilimwe mtu kiwanja kabla ya wazee kukaa na mwenye ardhi na kuandika mbele ya mashahidi ni miaka mingapi, nani atavuna, na mti ukipandwa utakuwa wa nani. Na pasipopatikana kiwanja, magunia ya udongo uani mwatosha kwa mboga za nyumba moja.

Wazee wetu husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika miji hii karibu sisi sote tulikuwa wageni wakati fulani: huyu alikuja kwa jahazi, huyu kwa miguu kutoka kaya, huyu kwa minyororo. Siku ya tatu imekwisha kupita zamani. Twaomba wazee watuonyeshe mahali pa kulima, na vijana washike jembe.