Kibiongo Kilichotangulia VVU
Wengi huona kifua kikuu cha uti wa mgongo kama ugonjwa ulioletwa na VVU, nami nakataa. Maiti iliyokaushwa ya Nesperehan, kuhani wa Amun katika Misri ya kale, ina dalili za ugonjwa huu: pingili zilizolika, kibiongo na jipu kubwa kiunoni. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, miaka 103 kabla Robert Koch hajatangaza bakteria wanaousababisha. Mtu atapinga: mbona wenye VVU huugua zaidi? Kweli, kwani bakteria hulala mwilini miaka mingi wakizingirwa na kinga. VVU wakiibomoa ngome hiyo, huamka, na damu huwafikisha mifupani. Lakini utapiamlo uliibomoa ngome hiyo hiyo zamani, kabla virusi hivyo havijajulikana.